Kuulea Aloe juvenna, Mshubiri Mdogo wa Mlimani

Anayeulea Aloe juvenna kwa mkono ule ule anaoulea alovera ya kawaida huupoteza, na mara nyingi huupoteza katika masika ya kwanza. Mimea hii ni ndugu, yote ni mishubiri, lakini haikukulia mahali pamoja. Alovera huvumilia joto la nchi tambarare na uzembe mwingi wa mwenye nyumba. Aloe juvenna ni mmea wa miinuko: asili yake ni eneo dogo lenye mawe kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye kimo cha kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hakuna pengine duniani unapoota wenyewe. Karibu kila kosa linalouua kwenye chungu ni kosa la kusahau kimo hicho.

Kwanza uhakikishe kwamba ulio nao ndio wenyewe. Majani yake ni mafupi, ya pembetatu, yenye urefu wa sentimita 4 hivi na upana wa sentimita 2 kwenye kitako. Yamebanana kutoka chini hadi juu kiasi cha kulificha shina lote. Kingo zina meno meupe, na uso wa jani una madoa yaliyopauka. Shina moja hufika sentimita 25, likiachwa hata 45, kisha hulala kwa uzito wake huku machipukizi yakitoka chini na kulizunguka. Baada ya miaka michache ulichopanda kama shina moja huwa kichaka kinachojaza chungu.

Mimea miwili huuzwa kwa jina lake. Wa kwanza ni Aloe squarrosa wa kisiwa cha Sokotra, Yemen: majani yake hujikunja kurudi nyuma kuelekea chini, wakati ya juvenna huelekea juu. Tofauti hiyo si ya mapambo. Squarrosa ni mmea wa kisiwa chenye joto, na ratiba yake ya matunzo si hii. Wa pili ni jamii ya Haworthiopsis ya Afrika Kusini, yenye minara midogo ya majani yaliyobanana vivyo hivyo, ila haina meno ukingoni na maua yake ni madogo meupe.

Kwa muda mrefu hata wataalamu waliudhani kuwa chotara wa bustanini. Peter Brandham na Susan Carter waliuelezea rasmi kama spishi mwaka 1979 kwa kutumia mimea iliyokuwa ikikuzwa vyunguni, na ulipopatikana mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1980 shaka ikaisha. Una jambo moja la pekee: chembe zake zina kromosomu (nyuzi zinazobeba sifa za urithi) 28, mara mbili ya 14 za mishubiri mingi.

Mlima unaupa nini

Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hushuka takribani nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa hesabu hiyo, usiku ambao Mombasa ina nyuzi 25, kwenye mita 2,300 kuna kama nyuzi 11. Mshubiri huu umezoea usiku wa baridi mwaka mzima, na baridi hiyo inafanya kazi. Kama mimea mingi inayohifadhi maji majanini, hufunga vitundu vya hewa vya majani mchana usipoteze maji, kisha huvifungua usiku na kuvuta hewa ya ukaa, ambayo huiweka kama asidi hadi jua litoke. Usiku ukiwa wa joto, kazi hiyo hudorora. Mmea hutumia akiba yake badala ya kuiongeza, ukuaji hupungua, na maji uliyoumwagilia hubaki kwenye udongo bila kunywewa. Mizizi iliyolala ndani ya udongo mbichi na wa moto huoza. Ndiyo sababu watu wa pwani husema mmea huu ni dhaifu, na watu wa Limuru au Njombe hawaelewi malalamiko hayo yanatoka wapi.

Jua la huko ni kali kuliko la bondeni, kwa kuwa hewa ni nyepesi na haizuii mionzi sana. Kwenye jua la kutosha majani hugeuka rangi ya shaba au kahawia nyekundu, shina hubaki fupi na majani hubanana. Wengi huiona rangi hiyo wakadhani ni ugonjwa, wakauingiza mmea kivulini. Ni afya. Rangi ya kijani kibichi kabisa, yenye nafasi kati ya jani na jani, ndiyo inayopaswa kukutia wasiwasi.

Mvua ya mlimani ni nyingi kwa misimu, lakini haikai. Mizizi imeingia kwenye nyufa za miamba na changarawe. Maji hupita, hewa hurudi, na upepo hukausha majani kabla ya jioni. Mwamba nao huifunika mizizi isipate joto la mchana. Hayo mambo manne, yaani usiku wa baridi, jua, maji yanayopita na upepo, ndiyo unayojaribu kuyapata. Ukiyakosa yote manne hutaufanikisha kwa mbolea wala dawa yoyote. Ukikosa moja, mara nyingi usiku wa baridi, unaweza kulifidia kwa kuyakaza yale matatu yaliyobaki.

Kuupata kihalali

Usiuchimbe mlimani wala usimnunulie aliyeuchimba. Mmea wenye makazi madogo kiasi hiki unaweza kumalizwa na magunia machache. Sheria nayo iko wazi: mishubiri yote, isipokuwa alovera yenyewe, imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, mingi ikiwa kwenye Kiambatisho cha II pamoja na huu, na Kenya ilizuia uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya rais ya mwaka 1986, kisha ikatoa kanuni za mishubiri mwaka 2007. Wala hakuna haja ya kwenda porini, maana unazaliana kwa vipandikizi kwa urahisi sana na vitalu vinao. Ukitaka kuupeleka Muscat, London au Toronto, utahitaji kibali cha CITES pamoja na cheti cha afya ya mimea. Kwa Kenya mashirika husika ni KWS (shirika la wanyamapori) na KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea). Kwa Tanzania cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Aliye ughaibuni hupata nafuu kwa kununua huko huko.

Unapochagua kitaluni, tikisa shina taratibu. Likicheza kama halina mizizi, liache. Chungulia katikati ya majani kwa tochi ya simu: unga mweupe kama pamba ni vidung'ata, wadudu wafyonzaji. Jani la chini likiwa laini na la rangi ya chai, kuoza kumeshaanza. Shina fupi lililobanana ni bora kuliko refu lililovutika, hata kama refu linaonekana kukupa zaidi kwa bei ile ile.

Chungu na udongo

Mizizi ya Aloe juvenna haiendi chini sana, hutambaa. Chagua chungu kipana kisicho na kina: upana wa sentimita 15 hadi 20 na kina cha sentimita 8 hadi 10 hutosha kichaka cha mashina matano hadi nane. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki, kwa sababu hupumua na hupoa maji yanapotoka kwenye kuta zake. Pwani tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mmea utapona. Chungu kiwe na tundu moja la sentimita 2 au matatu ya sentimita 1. Kisicho na tundu usikitumie kabisa.

Mchanganyiko wa sehemu za juu kama Nairobi, Arusha, Mbeya, Kigali na Bukavu:

- Sehemu 2 za mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, au changarawe ya lava, yaliyochekechwa kupata punje za milimita 3 hadi 6
- Sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni
- Sehemu 1 ya mboji iliyoiva, isiyonuka

Kwa pwani na nchi za Ghuba, mawe yawe sehemu 3, mchanga 1 na mboji nusu sehemu. Karibu na Bonde la Ufa, Moshi au Goma mawe ya volkano ni rahisi kupatikana. Usipoyapata, tumia kokoto ndogo za ujenzi au vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa kwa saizi hiyo hiyo. Matofali yana faida ya kushika maji kidogo ndani ya punje huku yakiacha hewa kati ya punje.

Vumbi ndilo adui wa mchanganyiko huu. Chekecha mawe, kisha osha mchanga kwenye ndoo, ukimwaga na kujaza tena hadi maji yawe maangavu. Vumbi lisipotoka huziba nafasi za hewa baada ya miezi michache ya kumwagilia, na udongo uliokuwa mwepesi hugeuka saruji. Mchanga wa bahari usiutumie hata ukiuosha. Chumvi yake haimaliziki kirahisi na punje zake ni laini mno. Samadi mbichi pia hapana: huunguza mizizi na huleta kuvu.

Pima kabla ya kupanda. Jaza chungu, mwagilia mara moja udongo ulowe, kisha mimina lita 1 ya maji kwa mkupuo. Maji yanapaswa kuzama juu ndani ya sekunde 10 na kuanza kutoka chini karibu papo hapo. Yakituama, ongeza mawe.

Kuna desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Iache. Maji hayatoki kwenye udongo wa punje ndogo kuingia kwenye kokoto kubwa mpaka udongo ule ulowe kabisa, kwa hiyo tabaka hilo huinua sehemu yenye maji na kuisogeza karibu na mizizi. Kipande cha wavu wa dirisha juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Kupanda kipandikizi

Wengine hujaribu kuuotesha kwa jani moja kama wanavyofanya kwa mimea mingine minene ya madirishani. Jani la mshubiri halina uwezo huo. Litakaa wiki kadhaa, litoe hata unyuzi mmoja wa mzizi, kisha lioze, kwa sababu jani peke yake halibebi chipukizi linaloweza kuwa shina. Unahitaji kipande cha shina, au chipukizi la chini.

1. Chagua shina lenye afya na ulikate sentimita 6 hadi 8 kutoka kwenye ncha, kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Kata kwa mkupuo mmoja, usisage.
2. Ng'oa majani ya chini kwa upole mpaka shina lionekane kwa sentimita 2. Utaona utomvu wa manjano na mchungu. Ufute, na usiuguse mdomoni wala machoni.
3. Kiweke kivulini penye hewa, kikiwa kimesimama, kwa siku 5 hadi 7. Pwani wakati wa masika ngoja hadi siku 10. Kidonda kiwe kikavu na kigumu kama ngozi ukikigusa.
4. Kizamishe sentimita 2 kwenye mchanganyiko mkavu. Kikiyumba, kizungushie vijiwe badala ya kukizamisha zaidi.
5. Usimwagilie kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo. Baada ya hapo toa maji kidogo kila baada ya siku 5 au 6, kwenye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja.
6. Baada ya wiki 3 hadi 4 kivute kidogo sana. Kikishika, mizizi ipo, na unaweza kuanza ratiba ya kawaida.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoua. Kidonda kibichi kikigusa udongo wenye unyevu hukaribisha kuvu, na kuoza hupanda ndani ya shina bila kuonekana hadi ncha inaponywea. Ukiona kipandikizi kimekuwa laini chini, kikate tena juu ya sehemu iliyooza mpaka uone nyama ya kijani safi isiyo na duara la kahawia, kikaushe upya na kuanza tena.

Chipukizi la chini lenye mizizi yake ni rahisi zaidi. Lisubiri lifike theluthi ya kimo cha mama, litenganishe wakati wa kuhamisha chungu, likaushe siku 2 au 3, upande. Shina la mama ulilolikata ncha usilitupe. Hutoa machipukizi kadhaa chini ya kidonda, na hivyo ndivyo kichaka kinavyojazwa haraka.

Maji

Mwagilia kwa kushiba kisha uache ukauke. Chungu cha sentimita 15 huhitaji kama mililita 250 hadi 300, mpaka maji yatoke chini. Mwaga yaliyokaa kwenye sahani baada ya dakika chache. Kunyunyizia kidogo kidogo kila siku ni kosa la watu wenye huruma. Tabaka la juu hubaki bichi, mizizi ya chini hufa kwa ukame, na ile iliyobaki juu huungua jua likipiga.

Kabla ya kumwagilia tena, chomeka kijiti kikavu hadi chini ya chungu na ukiache dakika 10. Kikitoka na unyevu au udongo ulioshika, ngoja. Njia nyingine ni kuinua chungu: baada ya wiki chache mkono huzoea tofauti ya uzito kuliko kalenda yoyote. Kwa kukadiria tu, nyanda za juu wakati wa kiangazi ni kila siku 7 hadi 10, na Juni hadi Agosti, baridi ikiwa kali na mawingu yametanda, kila wiki 2 au 3. Pwani, miezi ya joto kali ya Januari hadi Machi, punguza badala ya kuongeza. Hili hugomewa na wengi, lakini wakati huo mmea umelala nusu. Ukimwagilia, iwe alfajiri, ili udongo upate hewa kabla ya usiku.

Mimina maji kwenye udongo, si kichwani. Majani yaliyobanana hushika matone kwenye makwapa yake, na tone likikaa siku nzima kwenye hewa isiyotembea huacha doa jeusi. Mvua ya mlimani hunyesha kichwani, ni kweli, ila upepo wa mlimani hukausha. Baraza lako halina upepo ule. Kwa hiyo wakati wa masika sogeza vyungu chini ya paa, penye mwanga na hewa pande mbili.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Dalili yake ni ukoko mweupe kwenye chungu na ncha za majani kukauka. Kinga maji ya mvua, au kila miezi 2 au 3 pitisha maji safi mengi, kama mara tatu ya ujazo wa chungu, kisha uache ukauke sawasawa.

Mbolea ni kidogo sana. NPK 20-20-20 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) ya kuyeyuka majini, nusu gramu kwa lita 1, mara moja kwa mwezi mmea unapokua. Ukizidisha nitrojeni utapata majani manene yenye maji mengi, yanayovunjika na kupendwa na wadudu.

Jua na joto kwa pale ulipo

Nyanda za juu, kuanzia mita 1,400 kwenda juu, upe jua kamili kwa saa 5 au zaidi. Ukiutoa kivulini kitaluni usiuanike siku hiyo hiyo. Anza na jua la asubuhi hadi saa tatu kwa wiki ya kwanza, saa tano kwa wiki ya pili, kisha uache. Ukiuharakisha utapata mabaka meupe au ya kahawia yasiyopona. Jani lililoungua halirudi, ila mmea hauwi mgonjwa. Usubiri majani mapya.

Pwani na Ghuba unahitaji jua la asubuhi tu, na kivuli kuanzia saa nne. Weka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi cha udongo na ujaze kokoto kati yake, ili jua lisipige ukuta unaogusa mizizi. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na mwamba huko kwao. Kisogeze mahali penye upepo wa usiku. Chumba chenye kiyoyozi kinaweza kuusaidia wakati wa kiangazi cha Oman, mradi kiwe na dirisha lenye mwanga wa kweli na mmea usipigwe na hewa ya mashine moja kwa moja.

Ulaya na Amerika Kaskazini tatizo hugeuka kuwa giza. Kuanzia Oktoba uweke dirisha linalotazama kusini, joto la nyuzi 5 hadi 12, na maji mara moja kwa mwezi au usiupe kabisa. Chumba chenye joto la nyuzi 22 na mwanga hafifu huufanya urefuke kwa udhaifu. Barafu huua: uingize ndani kabla usiku haujakaribia nyuzi 0.

Shina lililorefuka kwa kukosa mwanga haliwezi kufupishwa tena. Kata ncha, ipande upya, na safari hii ipate jua.

Kujenga jabali dogo bustanini

Aliye na uwanja kwenye nyanda za juu asibaki na vyungu tu. Mshubiri huu unapopata mawe huonyesha umbo lake la kweli: mashina hulala juu ya jiwe, hushika mizizi yanapogusa udongo, na kichaka hufuata mkunjo wa mwamba.

Chagua mteremko au inua tuta la sentimita 25 hadi 30. Udongo mfinyanzi uutoe au uufunike kwa sentimita 10 za kokoto kubwa ili tuta lisikae juu ya dimbwi. Hapa kokoto za chini zina maana, tofauti na chunguni, kwa sababu maji yana mahali pa kutokea pembeni. Zika mawe makubwa theluthi yake ndani ya tuta, yakiinamia nyuma kidogo, na uyapange karibu karibu ili kati yake zibaki nyufa za sentimita 3 hadi 5. Jaza nyufa kwa mchanganyiko ule ule wa sehemu mbili za mawe madogo, moja ya mchanga na moja ya mboji, ukiushindilia kwa kijiti usiache mapango ya hewa. Panda vipandikizi vyenye mizizi ndani ya nyufa, ukiviacha sentimita 10 kati yake, mwishoni mwa mvua za vuli au za masika na si kabla yake. Funika uso kwa changarawe ya sentimita 2, shingo za mimea zisiguse udongo wenye unyevu.

Magugu ya kutambaa, hasa sangari, yaondoe yakiwa machanga. Mzizi wa sangari ukishaingia chini ya jiwe utalazimika kubomoa jabali zima. Ukitaka majani ya kando, panda nyasi fupi za vishungi, umbali wa sentimita 30, zisiutie kivuli.

Wadudu na magonjwa

Vidung'ata ndio wasumbufu wakuu, kwa sababu makwapa ya majani yaliyobanana ni maficho kamili. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka, chunguza. Sisimizi huwabeba vidung'ata na kuwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Tumia brashi ndogo yenye spiriti ya asilimia 70 kuwagusa mmoja mmoja, mmea ukiwa kivulini, kisha siku inayofuata nyunyiza maji yenye mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na bleach kwa lita 1, na uoshe kwa maji safi baada ya saa moja. Rudia kila siku 7 mara tatu. Mara moja haitoshi, kwa kuwa mayai hayafi kwa sabuni.

Mmea ukidumaa bila sababu, uchomoe chunguni. Unga mweupe kwenye mizizi ni vidung'ata wa ardhini. Tupa udongo wote, osha mizizi kwa maji ya sabuni, kata iliyokufa, kausha siku 4, panda kwenye udongo mpya na chungu kilichosuguliwa kwa maji moto.

Vidugamba huonekana kama vijichubuko vya kahawia vilivyoshika jani. Vikwangue kwa ukucha au mswaki, kisha sabuni kama hapo juu.

Utitiri wa mishubiri, Aceria aloinis, ndio wa kuogopwa. Hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni uvimbe wa ajabu, kama nyama iliyochipuka ovyo kwenye jani au shina la ua. Wadudu hao wamo ndani ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza haiwafikii vizuri. Kata sentimita 3 au 4 chini ya uvimbe, choma ulichokata, na futa kisu kwa spiriti kila unapokata. Usikitupe kwenye mboji. Upepo huwabeba, hivyo mmea uliovamiwa uutenge mbali na mishubiri mingine kwa miezi kadhaa. Kama uvimbe umeenea mashina mengi, choma mmea wote. Una vipandikizi vingine, au jirani anavyo.

Majani yakinywea na kuwa membamba huku udongo ukiwa mkavu, ni kiu, na yatajaa ndani ya siku chache. Yakinywea huku udongo ukiwa mbichi, mizizi imeoza. Hapo maji zaidi humalizia kazi. Uchomoe, kata ncha zilizo hai, na uanze na vipandikizi.

Maua na mbegu

Ukipata jua la kutosha hutoa shina la ua la sentimita 25 hivi, lenye maua ya waridi yaliyokolea kuelekea wekundu, ncha zake zikielekea manjano. Ndege aina ya chozi huyafuata. Kivulini usitarajie ua. Baada ya kuchanua shina halifi. Kata bua la ua likikauka lenyewe.

Mbegu ni habari nyingine. Mishubiri mingi haizai kwa chavua yake yenyewe, na kichaka chako chote, hata kikiwa na mashina 40, ni mmea mmoja kwa kuwa kilitokana na kipandikizi kimoja. Ili upate mbegu unahitaji mmea wa pili usio wa ukoo huo. Na kama kando yake kuna mshubiri wa aina nyingine unaochanua wakati huo huo, matunda utakayoyaona yatakuwa na chotara ndani yake. Miche ya namna hiyo usiiuze wala kuigawa kwa jina la Aloe juvenna. Iandikie kibao chenye jina la mama yake na mwaka wa kupanda, na uitenge na vipandikizi safi.